Mkono wa Kushoto Mbele ya Bibi

Mbinga, Alhamisi jioni

Osmund mwanangu,

Mwalimu Seif ameniambia kwa simu leo mchana kwamba Jumatatu asubuhi mtapimwa wote mlioitwa kwenye kituo chake cha sarakasi huko Dar es Salaam. Kila mmoja atashika bomba, atanyoosha mikono, atainua mwili mpaka ulale hewani sambamba na ardhi, na atakaa hivyo hadi mwalimu mwenyewe aseme basi. Atakayeweza ataingia kundi la maonyesho. Atakayeshindwa ataanza na wanaoanza, na hatapimwa tena mpaka mwakani. Alisema aliwatangazia tangu wiki iliyopita. Wewe hukunitajia.

Nikamuuliza: mwanafunzi akija na maumivu, je?

"Mama, akiniambia kabla hajashika bomba, namweka pembeni apone," alisema. "Nafasi kwenye maonyesho siwezi kumwahidi, lakini mkono atabaki nao. Akiniambia baada ya kuchanika, mimi si daktari."

Kisha akauliza, "Osmund anaumwa?"

Nikasema nauliza tu.

"Maana nilimuuliza mwenyewe kwa simu," akasema. "Akaniambia yuko salama."

Nimefanya kazi ya utangazaji tangu hujazaliwa, na nimewauliza watu wengi maswali wasiyotaka kujibu. Leo nimeulizwa swali moja jepesi, nikakwepa kama diwani. Nilikata simu nikakaa kwenye kile kiti cha barazani, na baba yako alipopita na ndoo akaniuliza kama nimepokea taarifa ya msiba.

Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utajibu "sawa mama". Nimelizoea jibu lako hilo. Ni kama komeo. Likishafungwa, aliye nje abaki nje. Basi lako linaondoka kabla jua halijatoka, baba yako atakuwa amesimama kati yetu akihesabu mabegi kwa sauti, na mbele yake hatutasema kitu. Kwa hiyo utanisoma njiani. Mswaki, chaji na namba za simu za baba yako mdogo sitaviandika hapa. Vyote hivyo unavijua.

Naogopa, Osmund. Nimeandika neno hilo kwanza pembeni, kwenye kipande cha gazeti, kuona linakaaje. Nimekwenda kwenye maporomoko ya udongo barabara ya kushuka ziwani na nikarudi kula ugali wangu wote. Nimesimama ufukweni Liuli watu wakipandisha mwili kutoka majini, na nikaandika idadi ya waliopona bila kukosea. Watu husema mama Osmund ana moyo wa jiwe. Si jiwe. Mambo yale yalikuwa yamekwisha kutokea nilipofika. Kazi yangu ilikuwa kuyahesabu tu. Hili lako halijatokea. Sijui kuandika habari ya jambo ambalo halijatokea, na tangu Jumapili sijui kulala nalo pia.

Nitakueleza Jumapili niliona nini, kwa sababu nadhani unaamini sikuona.

Tulikuwa Kingerikiti kwa bibi yako, baada ya Misa. Watu walikuja kukuaga, wakala, na shangazi yako akasema huwezi kuondoka bila kuwaonyesha. "Tumechanga nauli, tuone tulichonunua!" Ukacheka, ukavua shati. Ukaenda kwenye ule mti wa mkaratusi ambao baba yako aliulaza juu ya nguzo mbili kando ya vichanja vya kahawa. Ukashika. Ukaning'inia kidogo ukiwa umenyooka, kisha ukavuta mabega chini, na miguu ikapanda pamoja na kiuno kama mtu anayenyanyuliwa na kamba isiyoonekana, mpaka ukawa umelala hewani, uso juu, mgongo chini, hakuna kilichokunjwa. Mtoto mmoja akauliza, "Kafa?" na watu wakacheka, na wewe ukabaki palepale.

Bibi yako akasema, "Popo wangu sasa amekuwa ubao."

Nilipiga makofi kama wengine. Nilisimama upande wako wa kulia, mahali ninaposimama siku zote, na nikaona mwili umenyooka kuliko siku yoyote. Nikatoa simu nipige picha.

Ulishuka taratibu. Bibi yako akakuletea chai kwenye kile kikombe cha bati chenye maua, akakunyooshea. Ukapokea kwa mkono wa kushoto.

Hakukuwa na kingine. Hukupiga kelele, hukukunja uso. Ulinyoosha mkono wa kushoto mbele ya mama wa baba yako, mbele ya wazee, na mkono wa kulia ukabaki umelala juu ya paja, umekunjwa kidogo, kama si wako.

"Unapokea kwa kushoto?" bibi akakuuliza. "Huko Mbinga mjini ndiko mnakofundishana hivyo?"

"Samahani bibi, huu una vumbi la mti."

"Vumbi! Mimi nimekunyima maji ya kunawa?"

Watu wakacheka tena. Shangazi akasema ukifika Dar es Salaam utaanza kupokea kwa miguu. Ukacheka nao. Mimi sikucheka. Nimekulea. Ulipokuwa huwezi kutamka jina lako ulikuwa tayari unapokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Ulipovunjika kidole cha kulia ukicheza mpira bado uliupeleka mkono uliofungwa bandeji, ukaubeba kwa ule mwingine, ili bibi asipokee adabu mbovu. Mkono wa kulia wa Osmund ukishindwa kwenda kupokea kikombe cha bibi, basi haukuweza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilikuuliza mkono una nini. "Haujambo mama, umechoka tu." Nikauliza tena tulipofika nyumbani. "Sawa mama, nitaupumzisha." Jumatatu nilikuona ukifungua komeo la geti kwa kushoto. Jumanne ulikamua nguo kwa kuzikanyaga. Jana niliuacha mfuko wa mahindi mlangoni makusudi. Ulipita ukauangalia, ukamwita baba yako.

Nilimtafuta mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo anayefanya kazi hospitali. Sikukutaja. Nilimweleza: kijana, ananing'inia mikono ikiwa imenyooka, nadhani anaumwa kiwiko, maana anakwepa kukunja ngumi na kubeba vitu. Alisema hawezi kumpima mtu kwa maneno ya mama yake, na hapo nilijua ni mtu wa kuaminika. Kisha akasema ingekuwa yeye, kijana huyo asingening'inia kwa mikono iliyonyooka kwa wiki kadhaa, na akirudi angerudia hatua za chini kabisa, si pale alipoachia. Nikauliza akilazimisha? Akaangalia pembeni kidogo. "Kano likishaanza kufumuka, mama, halichagui siku. Linaweza likasubiri hata siku anayotazamwa na watu."

Tangu aliposema hivyo naiona siku hiyo. Naiona Jumatatu.

Sitaki udhani namlaumu mtu mwingine kwa hili. Mimi nilikuwepo hatua zote. Nakumbuka ulipoanza, likizo ile tulipokwenda kwetu Ngumbo kwa mjomba wako. Ulikuwa umeona video kwenye simu, ukalala mchangani ukijaribu kuinua miguu na mabega kwa pamoja, kiuno kimegandamizwa chini. Ulitetemeka kama samaki. Mjomba alikuwa anatengeneza nyavu, akakutazama muda mrefu, akasema, "Huo ni mtumbwi, lakini umetoboka. Ona, katikati kuna nafasi, maji yataingia." Akapitisha kiganja chini ya mgongo wako kuonyesha. Watoto wote wa ufukweni wakalala kufanya mitumbwi, na mjomba akawa anapita kupitisha kiganja, anapiga kelele "Huyu amezama! Huyu amezama!" Wewe ulikunja magoti, ukapunguza, mpaka kiganja chake kikakosa pa kupita. Ulikuwa na akili hiyo siku hiyo. Uliona huwezi, ukashuka hatua moja, hukuona aibu.

Baadaye ikaja ile ya kukaa hewani, viganja chini kando ya mapaja, makalio yameachana na ardhi na miguu imenyooka mbele. Ulianza na mguu mmoja ukigusa. Kisha baba yako akakuwekea mti. Alipoulaza aliupima kwa jicho akasema, "Huu umenyooka kuliko wewe." Ukaanza kuning'inia umekunja magoti kifuani, mgongo umelala. Hapo ndipo bibi alipokuita popo. Ukakaa kwenye hatua hiyo miezi. Kisha magoti yakasogea mbali na kifua. Kisha mguu mmoja ukanyooka, mwingine umekunjwa. Kisha yote miwili, imepanuliwa. Kila hatua ulikuwa unaniita. "Mama, njoo uwe macho yangu." Nilisimama upande wa kulia na kusema nilichoona: kiuno kimelegea, kichwa kimeinuka, mguu wa kushoto uko chini. Ulipenda kwa sababu sikukusifu. Ulisema walimu wa kwenye simu wanasema "vizuri sana" kwa kila mtu, wewe unataka mama anayesema "chini kidogo".

Nilijivunia kazi hiyo kuliko kazi yangu ya redio. Na nilikuwa nakosea kila siku. Nilikuwa naangalia kiuno. Habari ilikuwa kwenye kiwiko.

Halafu ukaja msimu wa kahawa. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, hukuwa na la kufanya, ukaenda kumsaidia bibi. Ulizungusha ile mashine ya kumenyea kahawa mbivu asubuhi hadi mchana, mkono wa kulia, kwa sababu mpini wake uko kulia na hakuna wa kuugeuza. Jioni ulikwenda kwenye mti. Nilipokuja siku za mapumziko nilikukuta unajifunga kitambaa kwenye kiwiko. Bibi akasema, "Mkono wa kahawa hauumi. Unachoka." Nikacheka, nikakubali. Hata mimi mtu wa ziwani nilipoolewa huku niliambiwa hivyo, na ilikuwa kweli: mgongo wa kahawa, mikono ya kahawa, mabega ya kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, vyote huondoka msimu ukiondoka. Hapa kwetu mtu hasemi anaumwa kwa kazi ambayo kila mtu anaifanya. Ukisema, utakuwa unamwambia bibi yako mwenye miaka yake yote kwamba wewe unaumwa zaidi.

Kwa hiyo uliyaweka maumivu yako kwenye kahawa. Yalikuwa na mahali pa heshima pa kukaa. Hukulazimika kuyaeleza, na mimi sikulazimika kuyauliza. Lakini kahawa imekwisha kuuzwa, Osmund. Mashine imeoshwa na kufunikwa na gunia. Vichanja vilikuwa vitupu Jumapili, kuku walikuwa wamelala juu yake. Msimu umeondoka na mkono haukuondoka nao.

Mwalimu Seif alinieleza kitu nilichokiandika mara mbili ili nisikose. Alisema misuli ndiyo inayopata habari kwanza. Baada ya wiki chache inajiona tayari. Makano, yale yanayoshika misuli kwenye mfupa, habari huyafikia mwisho, baada ya miezi mingi. Kwa hiyo kijana anajisikia ana nguvu ya kushikilia, na kweli anazo, lakini kinachomshikilia yeye bado hakijawa tayari. Alisema vijana wepesi wa kujifunza ndio wanaoumia, si wazito. Wazito hatua za chini huwaweka kwa muda mrefu bila wao kutaka.

Nilitaka kumwambia bibi yako hilo, nikakumbuka analijua kwa jina lingine. Kwenye ngoro mpya hapandi mahindi. Nyasi zimelazwa chini ya udongo, hazijaoza, mwaka wa kwanza ni maharage. Mtu akipita akiona udongo ulivyoinuka mzuri anamwambia, mama, weka mahindi hapa. Anamjibu, "Weka kwako."

Sasa nikuambie ninachokiogopa hasa, kwa sababu nimekizungusha kurasa mbili. Siogopi kuanguka. Magodoro yapo, nimeuliza. Siogopi hata kuumia peke yake. Vijana huumia na kupona. Naogopa jinsi ulivyomjibu Mwalimu Seif. "Salama."

Najua ulivyosema. Nakusikia. Ulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za mwili, ukasema salama, mwalimu. Na ungeendelea. Huku kwetu ungeendelea. Nilijifunza hilo mapema, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipotumwa Kihagara baada ya upepo mkali. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda. Shikamoo. Marahaba. Habari za hapa? "Nzuri, mwanangu. Hatujambo. Karibu." Nyuma yake nyumba ilikuwa haina paa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nilikuwa na haraka. Nikatazama nyumba, nikamtazama yeye, nikadhani labda ni pagala la zamani. Nikafunga daftari. Ikawa bahati kwamba dereva wangu alikuwa anawasha sigara na hakuwa tayari. Mzee akanyamaza, akasukuma kijiwe kwa fimbo, akasema, "Ila bati zote zimechukuliwa. Na mke wangu yuko hospitali, ukuta ulimwangukia."

Baadaye nilimuuliza dereva kwa nini hakuanza na hilo. Akaniambia, "Dada, angeanzaje na ubaya wakati wewe hata maji hujanywa?"

Ndivyo tulivyo. Uzuri kwanza, kwa heshima ya anayeuliza. Kisha kimya kidogo. Kisha "ila". Anayeulizwa anajua bado hajamaliza, na anayeuliza anajua kungoja. Mkeka mzima wa habari zetu umesukwa hivyo, na mimi nimeishi kwa mshahara wa kungoja. Wenzangu walioletwa kutoka mbali waliandika kwamba wananchi wa mwambao wako salama, na walikuwa hawajasema uongo, waliambiwa hivyo.

Mwalimu Seif ni mtu wa pwani, ana vijana wengi na simu inayolia. Aliuliza habari za mwili, ukasema salama, akasema "haya, Mungu mkubwa, tuonane Jumatatu", akakata. "Ila" yako ilibaki mdomoni. Sijui kama ulikuwa nayo. Nataka kuamini ulikuwa nayo. Lakini nilipokufikiria ukiwa umeshika simu iliyokatwa, nikaona pia uso wako wa Jumapili, ulipomwambia bibi ni vumbi, na nikaogopa kwamba simu ilipokatwa ulishukuru.

Huko unakokwenda kila siku utaulizwa hivyo na watu ambao hawatangoja. Si wabaya. Uwanja una kelele, zamu inafika, mwalimu anapita na kuuliza "uko poa?" akiwa tayari anamtazama anayefuata. Na mchezo wenyewe unakufundisha kuficha. Nimeutazama kwa muda mrefu kuliko ninavyotazama mpira. Sanaa yake yote ni kwamba mtu anayekazana kufa aonekane amelala. Watu hupiga makofi kwa sababu hawaoni kazi. Ukiwa hodari sana wa hilo, nani atajua? Mimi nilijua kwa sababu ya kikombe, na huko hakuna bibi wa kukuletea kikombe. Utakunywa maji kwenye chupa yako, kwa mkono wowote, na hakuna atakayeshtuka.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja kinachokwenda kinyume na malezi niliyokupa. Anza na ubaya. Ukifika mbele ya Mwalimu Seif mwamkie kama unavyowaamkia wakubwa, na akikuuliza habari, sema: "Kiwiko cha kulia kinauma, mwalimu, tangu msimu wa kahawa." Usitangulize nzuri. Usiseme kidogo. Usiseme kimechoka. Hatakuona huna adabu; ana kazi, atashukuru. Sisi wa habari tunaandika hivyo kila siku, kubwa mbele, na mimi nilipoanza niliona ni ukatili. Leo naona ni kumhurumia anayesikia, maana habari inaweza kukatwa wakati wowote.

Najua utakachokipoteza, na sitakidogosha. Ukisema, Jumatatu hutashika bomba. Utakaa kwenye benchi uwatazame wenzako, na baadhi yao wewe unawazidi. Utawekwa na wanaoanza. Utarudishwa kwenye mtumbwi, magoti yamekunjwa, wewe uliyelala hewani mbele ya ukoo mzima. Video ya Jumapili shangazi yako ameshaituma kila mahali. Watu watauliza mbona hatukuoni kwenye maonyesho. Nitawajibu mimi. Nimejibu maswali magumu kuliko hayo, ukiacha lile la leo mchana.

Na usipokisema, inawezekana kabisa hakitatokea kitu. Lazima niandike hilo pia, ndiyo haki. Inawezekana utashika, utalala hewani, mwalimu atasema basi, utashuka, utaingia kundi la maonyesho, na mama yako atakuwa ameogopa bure. Mtaalamu hakusema litachanika. Alisema halichagui siku. Ningekuwa na uhakika ningekukataza na ungenichukia na tungemaliza. Sina uhakika, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukukataza.

Jana nilimwambia baba yako. Nilidhani atasema mwache ni mwanaume. Alifagia pale alipokwisha kufagia, akasema, "Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi ndiye niliyemwekea mti." Kisha akaingia ndani. Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye begi lako kubwa, analifunga upya mikanda ili uweze kulibeba begani kushoto. Utakapoliona limefungwa tofauti, ujue ni yeye.

Nilifikiria kumpigia Mwalimu Seif tena jioni hii nimweleze mwenyewe. Simu iko hapa. Ingenichukua dakika moja na ningelala. Lakini mkono si wangu. Nikisema mimi, utafika huko ukiwa kijana aliyesemewa na mama yake, na siku nyingine kiwiko cha kushoto kikiuma utajificha vizuri zaidi, hata kwangu. Naogopa kujificha kwako kuliko ninavyoogopa kano. Kwa hiyo nimeamua kungoja. Ni kazi yangu, naijua, ila sijawahi kungoja habari ya mwanangu mwenyewe.

Kungoja kwangu kuna mwisho, na ni haki uujue sasa ili usije ukasema nilikuzunguka. Kesho usiku utakuwa umefika kwa baba yako mdogo. Jumamosi na Jumapili utakuwa na nafasi ya kumpigia mwalimu au kumfuata. Nimemwuliza, atakuwepo kituoni siku zote mbili. Ukishamwambia, nitumie ujumbe, neno moja linatosha: "nimesema". Sitakuuliza alijibu nini.

Nisipoupata, nitampigia mimi, na nitaanza na kiwiko kabla sijamsalimu. Vipimo ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitapiga saa moja na nusu.

Mama yako